Kabla ya Kumshuku Mke, Pimeni Kichocho



Leo tunajibu barua ya dada yetu mmoja. Ametupa idhini ya kuieleza kwa ufupi, nasi tumeondoa kila linaloweza kumtambulisha, kwa kuwa sitara ya Muislamu ni amana.

Dada huyu alizaliwa katika kijiji cha bara ya Kwale, akaolewa Mombasa, na sasa ana umri wa miaka 31 na mtoto mmoja. Kwa muda wa miaka minne amekuwa akitokwa na uchafu usiokwisha, akiwashwa, akipata maumivu wakati wa tendo la ndoa na kuona damu baada yake. Mara tatu amekwenda kutibiwa, na mara tatu amepewa dawa za maradhi ya zinaa na kuambiwa amlete mumewe. Mume alikwenda, akapimwa, akakutwa hana kitu. Mara ya kwanza alisubiri. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu aliuliza: "Kama si mimi, ni nani?" Tangu siku hiyo analala sebuleni, na mama mkwe ameanza kutaja talaka. Dada anaapa kwa Jina la Mola wake kwamba hajapata kumjua mwanamume mwingine. Anauliza mambo mawili: Je, kuna maradhi yanayofanana na ya zinaa nayo si ya zinaa? Na je, asali vipi na damu hii?

Dada yetu, tabibu wa haki hapimi mgonjwa kwa barua, nasi hatuwezi kusema kwa yakini una maradhi gani. Lakini katika barua yako yote, pamoja na matabibu wote uliowaona, hatukuona mahali ulipoulizwa swali moja jepesi: ulipokuwa mtoto, mlikuwa mkichota maji wapi? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike juu ya kichocho, ambacho wengine hukiita bilharzia.

Mnyoo aingiaye kwa ngozi

Wengi wetu tunakijua kichocho kama maradhi ya vijana wa kiume wanaokojoa damu. Katika baadhi ya jamii, damu hiyo ilikuwa ikidhaniwa kuwa ni dalili ya kijana kubaleghe, wala hakuna aliyeshtuka. Maradhi yenyewe ni ya kale mno. Mwaka 1910 mayai ya mnyoo huyu yalipatikana ndani ya figo za maiti za Misri zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Mnyoo mwenyewe alitambuliwa mjini Cairo mwaka 1851 na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, na kutokana na jina lake tukapata neno bilharzia.

Mnyoo wa kichocho ni mdogo, urefu wake hauzidi sentimita mbili. Haishi tumboni kama minyoo mingine tunayoifahamu, bali huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo. Dume humkumbatia jike katika mkunjo wa mwili wake, na jike hutaga mayai kila siku. Kila yai lina mwiba mkali upande mmoja. Mayai mengine hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka pamoja na mkojo, na hapo ndipo damu huonekana.

Mkojo huo ukiingia katika maji baridi ya mto, bwawa au kidimbwi, yai hupasuka na kutoa buu anayemtafuta konokono wa aina maalumu. Ndani ya konokono buu huongezeka, na baada ya majuma kadhaa hutoka mabuu wengine kwa maelfu, hasa wakati wa jua kali la mchana, wakiogelea kutafuta ngozi ya binadamu. Hawahitaji jeraha wala kunywewa. Ngozi ikikaa majini kwa dakika chache, wao hupenya. Miezi miwili au mitatu baadaye minyoo wamekua na mayai yameanza kutoka.

Hivyo kichocho hakipatikani bila ya mambo matatu kukutana: mkojo wa mgonjwa, konokono, na ngozi ya mtu ndani ya maji. Konokono huyo haishi katika maji ya chumvi, kwa hiyo anayeoga baharini hana khofu ya kichocho. Wenye khofu ni watu wa mito, mabwawa na mashamba ya kumwagiliwa maji: wa Kwale, wa bonde la Mto Tana, na wa bara ya Kilifi. Kichocho hakiambukizi kwa kitanda, kwa sahani, kwa taulo, wala kwa tendo la ndoa. Mume hampi mkewe, wala mke hampi mumewe.

Yanayompata mwanamke

Si mayai yote yanayotoka nje. Mengi hunasa ndani ya nyama, na mwili huyazingira kama unavyouzingira mwiba uliovunjikia mguuni: pakavimba, pakauma, kisha pakafanya kovu. Kwa mwanamke, mishipa ya damu ya kibofu na ya viungo vya uzazi imeungana. Mayai husafiri hadi ukeni, katika shingo ya kizazi, na hata katika mirija ya uzazi. Huko huleta uchafu, kuwashwa, damu nje ya siku za hedhi, damu na maumivu kwa tendo la ndoa. Yakidumu, huweza kuleta ugumba, kuharibika kwa mimba, au mimba kutunga nje ya kizazi. Baadhi ya tafiti, ikiwemo iliyofanywa Zimbabwe, zimeonesha kwamba wanawake wenye vidonda hivi walikutwa na virusi vya Ukimwi zaidi ya wasiokuwa navyo. Na kichocho cha kibofu kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana maradhi haya ya kichocho cha viungo vya uzazi, wengi wao katika Afrika kusini ya Sahara. Pamoja na wingi huo, wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Kwa nini hukosewa

Sababu ya kwanza ni kwamba dalili zimefanana. Katika zahanati nyingi hakuna maabara kamili, na utaratibu uliowekwa ni kutibu kwa dalili: mwanamke mwenye uchafu na maumivu hupewa dawa za maradhi ya zinaa, na mumewe pia. Utaratibu huo umewaponya wengi, hatuulaumu. Lakini dawa hizo huua vijidudu vya zinaa, hazimgusi mnyoo wa kichocho. Mgonjwa hurudi alikotoka, na anaporudi mara ya tatu, macho ya watu hubadilika.

Sababu ya pili ni muda. Mnyoo huyu kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na wamewahi kupatikana walioishi miaka mingi zaidi ya hapo. Makovu yanayoachwa na mayai hudumu hata baada ya mnyoo kufa. Binti aliyeoga bwawani akiwa na miaka 12 anaweza kuwa bibi harusi wa mjini, anayetumia maji ya bomba na asiyekumbuka tena bwawa lile, na bado ndani yake mna mayai ya utotoni. Tabibu wa mjini humuona mwanamke wa mjini, wala hafikirii mto.

Sababu ya tatu ni kwamba mkojo huweza kudanganya. Kwa wanawake wengi wenye maradhi haya sehemu za uzazi, mkojo huwa safi kwa macho, na hata maabara huenda isione yai. Mtu huambiwa hana kichocho, kumbe mayai yamenasa mahali pengine.

Na ya nne ni haya. Binti haoni vyepesi kumwambia mama, mama haoni vyepesi kumwambia baba, na mke huogopa kumwambia mume. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na katika maradhi haya methali hiyo ni kweli kwa kila neno lake.

Vipimo vya kuomba

Mwanamke mwenye dalili hizi aende hospitali yenye maabara, na afuate hatua zifuatazo.

Kwanza, aanze yeye mwenyewe kusema, hata kama hakuulizwa: "Nimekulia mahali fulani, tulikuwa tukioga na kufua mtoni, naomba nichunguzwe kichocho." Sentensi hiyo moja huweza kuokoa miaka ya kuzunguka. Amweleze pia tabibu kama aliwahi kukojoa damu utotoni.

Pili, mkojo upimwe. Wakati mzuri ni baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Mgonjwa atembee kidogo au apande ngazi kabla ya kukojoa, na asiyamwage matone ya mwisho, kwa sababu mara nyingi humo ndimo mayai yalimo. Maabarani mkojo huchujwa kwa chujio jembamba, kisha mtaalamu hutazama kwa hadubini kutafuta yai lenye mwiba. Kipo pia kijikaratasi cha kuchovya katika mkojo kinachoonesha damu isiyoonekana kwa macho. Mwanamke asipimwe kwa njia hii akiwa katika hedhi, kwani damu itachanganyika na jibu halitaaminika. Kipimo kikikosa yai mara ya kwanza, kirudiwe siku nyingine.

Tatu, na hili ndilo linaloachwa zaidi, shingo ya kizazi itazamwe. Tabibu aliyefunzwa huona mabaka ya kimanjano yanayofanana na chembe za mchanga, au mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Mahali penye vifaa, huchukuliwa majimaji au kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Twafahamu uzito wa jambo hili kwa mwanamke mwenye haya. Mafakihi wameruhusu sitara kufunuliwa kwa tiba, kwa kadiri ya haja tu. Omba tabibu au mkunga wa kike. Asipopatikana, awepo mumeo au mwanamke mwenzako chumbani. Haya ni sehemu ya imani, lakini haikuwekwa ili ikuangamize.

Nne, yapimwe na mengine. Damu baada ya tendo la ndoa huweza pia kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi. Uchafu huweza kweli kuwa wa maradhi ya kuambukizana, na mtu huweza kuwa na mawili kwa pamoja. Damu katika mkojo huletwa pia na mawe ya figo na maambukizo ya kibofu. Mwanamke aliyekwisha kukatika hedhi kisha akaona damu asingoje hata juma moja. Kutaja kichocho kusiwe sababu ya kuyaacha mengine, kama ambavyo kutaja zinaa hakukupasa kuwa sababu ya kukiacha kichocho.

Dawa yake

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa ya kichocho inajulikana, nayo ni vidonge vya prazikwanteli. Vilivumbuliwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Kabla yake wagonjwa walikuwa wakidungwa sindano nyingi za dawa kali. Nchini Misri, baina ya miaka ya 1950 na 1980, kampeni za sindano hizo zilizorudiwa bila kusafishwa ipasavyo zilieneza homa ya ini ya aina ya C kwa watu wengi mno. Leo hakuna haja ya sindano. Anayekuambia atakudunga sindano ya kichocho nyumbani, mkimbie.

Dawa hutolewa kwa uzani wa mwili, miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, kwa siku moja tu. Vimezwe baada ya kula, kwa maji mengi, bila kutafunwa, kwani ni vichungu sana. Huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa na kichwa au tumbo kwa saa chache, kisha hupita. Mwenye kifafa amwambie tabibu kabla ya kumeza. Kwa kuwa dawa huua minyoo wazima zaidi kuliko wachanga, tabibu huweza kuagiza irudiwe baada ya majuma kadhaa, na mkojo upimwe tena.

Wajawazito wengi wamenyimwa dawa hii kwa khofu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inaruhusu mjamzito kutibiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza, na anayenyonyesha pia. Amweleze tabibu hali yake, naye atampangia.

Yafaa pia tuseme yasiyokuwa dawa. Vidonge vya minyoo vya kawaida tunavyonunua dukani kwa ajili ya watoto haviui mnyoo wa kichocho, kwani hivyo ni vya minyoo ya tumboni. Antibiotiki haziui kichocho, hata zikiwa za bei kubwa. Kisomo na dua ni ibada na faraja, navyo havimzuii mtu kupeleka mkojo maabara, bali vinakwenda pamoja. Na dawa ya nusu kipimo, iliyogawanywa baina ya mtu na dada yake, haimtibu yeyote kati yao.

Kuna jambo moja ambalo twapenda kulisema bila kulificha. Prazikwanteli huua mnyoo, lakini haiyeyushi kila kovu. Mwanamke aliyekaa na maradhi kwa miaka huweza kupona minyoo na bado akabaki na mabaka na maumivu yanayohitaji kufuatiliwa. Kwa sababu hiyo, tiba iliyo bora ni ile apewayo binti akiwa bado mdogo, kabla mayai hayajajikita.

Enyi mama wa mabinti

Kwa miaka kadhaa serikali yetu imekuwa ikiwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni, na katika maeneo yenye kichocho hupewa na prazikwanteli. Ni kheri kubwa. Lakini yuko binti asiyekwenda shule, yuko aliyekosa siku hiyo, na yuko aliyekwisha kumaliza. Wako na watoto wadogo wanaoogeshwa katika karai la maji ya bwawa, au wanaokaa majini mama anapofua. Miongozo ya mwaka 2022 tuliyoitaja inataka dawa iwafikie watu wote wa maeneo hayo kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima. Kwa watoto wachanga zaidi imetengenezwa dawa maalumu isiyo chungu, ya umri wa miezi mitatu hadi miaka sita, iliyofanyiwa majaribio hapa Kenya na Ivory Coast, na kupata idhini ya wataalamu wa Ulaya mwezi wa Desemba 2023. Ulizeni katika vituo vyenu vya afya.

Binti akikuambia mkojo unamchoma, au umeona tone la damu katika nguo yake nje ya siku zake, usianze kwa kumhoji ametoka na nani. Mketishe, umuulize anachota maji wapi, anafua wapi, anaoga wapi. Kwa kawaida ni sisi wenyewe tuliomtuma huko. Binti ndiye mwenye ndoo, ndiye mwenye nguo za kufua, ndiye anayesimama majini mpaka magotini katika shamba la mpunga. Amepata maradhi katika khidma ya nyumba yake. Je, ni haki alipwe tuhuma?

Maji na twahara

Dini yetu ilikwisha kututangulia katika jambo hili. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ameonya vikali juu ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Tumezoea kuyasoma hayo katika mlango wa twahara, tukifikiri ni suala la usafi wa udhu peke yake. Tukiitazama safari ya mnyoo tuliyoieleza, tunaona kwamba anayeshika katazo hilo amekata kamba mahali pake: mkojo usipofika majini, konokono hampati buu, na mtoto wa jirani hapati maradhi. Maustadhi wa madrasa wakilifundisha somo hili pamoja na sababu yake, watakuwa wamewakinga wanafunzi wao na jirani zao.

Vilevile tuangalie mahali pa kutawadha. Mwenye kuteremka bwawani kwa udhu wa adhuhuri, akasimama na miguu majini, amesimama katika saa ambayo mabuu ni wengi. Ni bora maji yachotwe, yawekwe katika mtungi au pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa muda wa siku mbili. Mabuu hufa humo. Mwenye haraka ayachemshe kisha ayaache yapoe. Mwenye uwezo wa kutoa sadaka ya kudumu na afikirie kisima kilichofunikwa, choo cha msikiti wa kijijini, au jukwaa la kufulia nguo lililo mbali na ukingo wa mto.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wametuonesha kwamba jambo hili lawezekana. Kwa miaka mingi kichocho kilikuwa maradhi ya karibu kila shule ya mashamba visiwani humo. Waliunganisha dawa za mara kwa mara, kuuawa kwa konokono, na mafunzo kwa jamii pamoja na kujengewa mahali pa kufulia na vyoo, na leo maradhi yamepungua sana, ingawa hayajang'oka. Dawa peke yake bila maji salama ni kufuta sakafu huku bomba likimwaga.

Neno kwa waume na mama wakwe

Twajua kwamba shaka ikiingia nyumbani haitoki kwa urahisi. Lakini Muislamu hana ruhusa ya kuifanya shaka kuwa ushahidi. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur ameweka adhabu nzito kwa wanaowasingizia wanawake wema, na akamtakasa Mama yetu Bi Aisha (R.A.) kutokana na maneno ya watu yaliyozungushwa mjini kwa muda wa mwezi mzima bila ya hoja. Sharti la mashahidi wanne halikuwekwa kwa mzaha. Karatasi ya zahanati iliyoandikwa kwa kukisia dalili si shahidi hata mmoja.

Ewe mume, ukiambiwa mkeo ana maradhi, swali la kwanza lisiwe "ni nani?" bali liwe "ni nini?" Nenda naye. Kaa naye katika benchi la hospitali. Ukiwa nawe umekulia kando ya mto, pimwa kichocho kwa ajili yako mwenyewe, kwani wanaume nao hupata damu katika mkojo na hata katika manii. Nawe mama mkwe, uliyewahi kuwa binti wa watu katika nyumba ya watu, kabla ya kutaja talaka mkumbushe mwanao jambo moja: mke aliyekaa miaka minne akiuguza maradhi haya bila kukimbia nyumba yake ni mke mwenye subira.

Jawabu letu kwa dada

Dada yetu, kwa swali lako la kwanza, jawabu ni ndiyo: yako maradhi yanayofanana na ya zinaa nayo si ya zinaa, na kwa mtu aliyekulia pale ulipokulia wewe, kichocho ndicho cha kwanza kutafutwa. Nenda katika hospitali kubwa ya kaunti, katika kliniki ya wanawake, uombe vipimo tulivyovitaja, na saratani ya shingo ya kizazi pia itazamwe. Ukienda, nenda na gazeti hili kama utaona haya kusema.

Kwa swali la pili, Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza kuhusu damu isiyokatika, kama aache swala. Alimfahamisha kwamba hiyo ni damu ya mshipa wala si hedhi: siku zake za hedhi aache swala, na zikipita ajioshe na asali. Damu yako ya nje ya siku zako ni istihadha. Unajisafisha, unajifunga kitambaa, unatia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, unasali na unafunga kama kawaida. Damu inayotoka na mkojo ni najisi ya kuoshwa, haikulazimishi ghusli. Mambo ya ndani zaidi muulize ustadha unayemwamini.

Tazama, dada, jinsi mwanamke yule alivyouliza. Hakuona haya kuitaja damu yake, na hakuna aliyemdhania vibaya. Alipewa jibu, akaenda zake kusali. Ndivyo tunavyotaka mabinti zetu waulize, na ndivyo tunavyotaka wajibiwe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu akuponye, aiunganishe nyumba yako, na awaponye wagonjwa wote wa Waislamu na wasiokuwa Waislamu walio katika dhiki kama yako. Ukipata majibu, tuandikie.

Wabillahi tawfiq.